Bihogo Asizime

Mukimuona leo sokoni Base Camp, amekaa nyuma ya ndoo zake za maziwa, kitambaa cheupe kichwani, mutasema huyu ni mama kama mama wengine wa Nakivale, kambi yetu ya wakimbizi hapa Uganda. Ana maneno, ana kicheko, na ukimletea chupa chafu atakurudisha nyumbani ukaioshe. Jina lake ni Mukamazimpaka, lakini sisi wote tunamwita Mama Ikirezi, kwa jina la binti yake. Mimi naitwa Modeste, fundi wa pikipiki, mtu wa Uvira, na nataka kusimulia habari yake maana watu wanaisimulia vibaya. Wanasema kulikuwa na pepo ndani ya pikipiki ya mume wake. Mimi ndiye niliyeshika kila kipande cha ile pikipiki kwa mikono hii, kwa hiyo waniache niseme.

Alizaliwa Bijombo, kule Kongo juu milimani, fasi ya baridi na ng'ombe. Vita ya 1996 ilimkuta msichana. Akashuka na watu wake, akarudi, akakimbia tena, akarudi tena. Katikati ya hayo yote akaolewa na Nehemiya, mwinjilisti kijana, mrefu, mpenda utani, aliyekuwa anazunguka milima akihubiri na kuchanja ng'ombe za watu. Mwaka wa 2004 waliondoka moja kwa moja, na mwaka uliofuata wakapewa kiwanja hapa, na jembe, na turubali. Hawakuwa na ng'ombe hata mmoja. Kwa Munyamulenge, mtu wa kabila lake la wafugaji, hiyo ni aibu ya kumtoa mtu machozi. Watu wangu na watu wake hatukuachana vizuri kule nyumbani, kila mtu anajua, lakini hapa wote tulikuwa tunapanga mstari mmoja wa mahindi.

Nehemiya akaanza kununua maziwa kwa Wanyankole, wenyeji wa hapa, na kuyapeleka Mbarara kwa baiskeli. Halafu bwana shamba mmoja wa misheni, mzee aliyekuwa anastaafu, akamwachia pikipiki yake kuukuu, moja ya zile za zamani za moshi, ambazo oili unaichanganya na petroli humo humo ndani ya tanki. Ilikuwa nyekundu ya kuiva, inakaribia kahawia. Siku alipoifikisha nyumbani, mke wake aliizunguka, akapapasa tanki, akasema, "Huyu ni Bihogo." Ndilo jina wanalompa ng'ombe wa rangi ile. Tangu siku hiyo hakuna mtu wa nyumba ile aliyeiita pikipiki.

Mwaka wa 2006 ikaja habari kwamba mama yake Nehemiya, kikongwe, bado yuko Bijombo, amebaki karibu peke yake. Nehemiya akasema anakwenda kumleta. Akapanda basi, Bihogo akamwacha nyumbani. Pale mlangoni alimwambia mke wake maneno ambayo yule mama anayasema mpaka leo bila kubadilisha: "Kila Jumamosi umuwashe. Usimwache alale akakauka. Nikirudi nataka nimukute muzima." Alipiga simu mara moja toka Bujumbura, akasema kesho anavuka. Baada ya pale, kimya.

Kimya cha namna hiyo munakijua, ninyi watu wa hapa. Mtu akifa, wenzake wanakuja, wanakaa chini pamoja nawe, wanalia, wanaimba nyimbo za kanisani, na siku ya kuondoa matanga inafika, unaoga, unaendelea. Mtu asiyejulikana alipo utamlilia vipi? Ukilia, ni kama umemuua wewe. Usipolia, kila hatua inayopita nje usiku na mchana unaisikiliza. Mama Ikirezi hakulia. Kila Jumamosi asubuhi alisimama kando ya Bihogo, hakumkalia, akapiga kiki kwa mguu, na ule mlio mkavu wa pikipiki ya moshi ukajaa mtaa mzima. Dakika chache hivi, kisha anamzima. Hakuna aliyeruhusiwa kukaa juu ya kiti chake. Kwao fasi ya mwenye nyumba haikaliwi akiwa safarini, na kile kiti cha ngozi kilikuwa bado kina umbo la makalio ya Nehemiya, utafikiri ameshuka sasa hivi kwenda kujisaidia.

Garage yangu iko ng'ambo ya barabara, na nitasema ukweli, sikuipenda ile sauti. Watoto walikuwa wanaacha mpira. Mbwa walikuwa wananyamaza. Unasikia pikipiki ya mtu, inanguruma, na haisogei. Nilikuwa nakaza nati mbio mbio mpaka iishe.

Miaka ikaenda hivyo. Mdogo wake Nehemiya, Rugamba, ndiye aliyekuwa anawanunulia petroli na kuichanganya. Halafu mwanzoni mwa 2013, wazee wa ukoo walipokaa, Rugamba akasimama akasema, "Shemeji, tumulilie kaka yangu. Mimi nimechoka kumungojea."

Mama Ikirezi akamuuliza, "Bihogo anawaka?"

"Anawaka."

"Basi mwenye Bihogo yuko. Siku Bihogo atakataa kuwaka, mutalia, na mimi nitalia pamoja na ninyi."

Wazee wakaona ni neno la mama mwenye uchungu, likubaliwe lipite. Likakubaliwa mbele ya wote. Rugamba akakasirika, akaapa kwamba hatagusa tena ile tanki, na toka siku ile Mama Ikirezi akawa anachanganya petroli mwenyewe. Munaona jambo lilipofika? Uhai wa mwanaume mzima ukawekwa juu ya buji, kile kidude cha chuma na udongo mweupe kinachotoa cheche ndani ya injini, ambacho Waganda wanakiita plaga, na ambacho hakizidi kidole changu.

Haikupita muda, Bihogo akaanza kusumbua. Nikawaona wanamsukuma kuja kwangu, mama na Ikirezi, jasho linawatoka. Boda zilikuwa zimepanga mstari zinanisubiri, na mimi nikiwa na kazi nyingi sina mdomo mzuri.

"Mama," nikasema, "hii kitu peleka kwa batu bananunua chuma."

"Wewe ni fundi ao ni mudomo tu?" akanijibu.

Vijana wa boda wakacheka mpaka wakashikana. Nikampenda pale pale, namna unavyompenda mtu anayekuweza. Lakini nilipoinama kuvua kofia ya buji, naye akainama, akaniambia polepole ili wengine wasisikie, "Modeste, asizime. Akizima, banamuzika mume wangu." Nikainua macho. Hakuwa anatania.

Nikafungua buji. Nyeusi, imelowa, inang'aa mafuta. Buji ni kama ulimi wa mgonjwa, daktari anakuambia toa nje nione. Ikiwa nyeupe sana, injini inaungua kwa joto. Ikiwa nyeusi kavu ya masizi, petroli ni nyingi na hewa kidogo. Ikiwa nyeusi ya kulowa, oili imeizamisha. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, ni nzima, funga, nenda nyumbani. Hii ya Bihogo ilikuwa imezama. Nikaiosha kwa petroli, nikaisugua kwa brashi ya waya, nikaikausha juu ya makaa ya mama anayechoma mahindi, nikapima mwanya wake kwa kipande cha msumeno, nikairudisha. Kiki moja, Bihogo akapiga kelele, moshi wa buluu ukatufunika sote.

"Anapumua," Mama Ikirezi akasema, mkono kifuani.

Jumamosi iliyofuata akawaka kwa shida, akakohoa, akafa. Nikasafisha tena. Nyingine, vilevile. Nikasema hii buji imezeeka, nikaenda Mbarara, kule Nyamityobora, kwa muuza spea mmoja anayeweka vitu vya zamani nyuma ya duka. Alipoitazama ile buji mkononi mwangu akacheka.

"Ssebo, bwana wangu, hiyo pikipiki bado iko hai?"

"Iko hai."

"Na mwenyewe?"

Nikamwambia alete mali. Akaingia ndani, akatoka na buji mpya bado imo kwenye boksi lake, vumbi tupu, na wakati wa kunipa akaniangalia kidogo zaidi ya inavyofaa.

Buji mpya nayo ikawa nyeusi. Hapo nikapandwa na hasira. Mimi nikishindwa na mashine, chakula hakipiti. Nikasema nitafuata umeme toka mwanzo hadi mwisho. Niliiweka buji nje, chuma chake kikigusa silinda, nikapiga kiki na kuchungulia: cheche ikaruka, ya buluu, kali. Nikabadilisha waya wa buji hata hivyo. Nikafungua koili inayoupa umeme nguvu, nzima. Nikasugua platini, zile ndimi mbili ndogo zinazokata na kuruhusu umeme, zikang'aa kama sahani ya arusi. Nikavunja kabureta yote juu ya gazeti, nikaosha filta ya hewa. Kila kitu kizima. Na kila Jumamosi Bihogo akawaka vibaya kuliko Jumamosi iliyopita.

Maneno yakaanza. Oh, Nehemiya anataka kuachiliwa. Oh, Nehemiya ndiye anazima, hataki mtu mwingine amuguse. Mama wa maombi wakaja garage kwangu wakaweka mikono juu ya tanki, wakakemea. Nikawaambia, "Ombeni, mama zangu, lakini musiguse kabureta, nimeipima." Nilisema kwa utani. Ndani yangu sikuwa na utani. Kuna siku nilikuwa nimechuchumaa nakaza kichwa cha silinda, nikahisi mtu amesimama nyuma yangu, namna mwenye pikipiki anavyosimama akitaka kujua inaisha saa ngapi. Nikasema "ngoja kidogo" bila kugeuka. Nilipogeuka hapakuwa na mtu. Siku nyingine nikaegemeza mkono juu ya kile kiti, kikawa cha moto. Nikasema ni jua. Lakini Bihogo alikuwa ameshinda kivulini toka asubuhi. Niliogopa, niseme nini tena, niliogopa kabisa.

Rugamba akaja kunitafuta. Ni mtu mpole, mwembamba, anafundisha kwaya. Akakaa juu ya tairi, akavua kofia yake.

"Fundi, mwambie haitengenezeki."

"Inatengenezeka."

"Wewe hauelewi. Jumamosi nikisikia ile sauti, natoka nje mbio. Kila Jumamosi, Modeste! Najua ni shemeji yangu, na natoka mbio kama mujinga, juu labda leo ni yeye. Wacha izime. Tumulilie, tulale."

Macho yake yalikuwa mekundu. Nilimhurumia, na bado nikamjibu vibaya, ndiyo tabia yangu. "Mimi ni fundi, si mchungaji. Kitu ambacho kinaweza kuwaka sikizimi." Akavaa kofia yake, akaondoka bila kuaga.

Usiku sikulala vizuri, na Jumamosi nikasema leo naenda kumuona huyu mama akiwasha, toka mwanzo, kwa macho yangu. Nikakaa juu ya benchi ukutani kwao. Akaleta petroli ndani ya jerikeni ndogo. Akaleta oili, akapima kikombe kama Rugamba alivyomfundisha, akamimina. Sawa. Halafu akamimina kikombe kingine. Halafu akainamisha chupa yenyewe, oili ikashuka taratibu, nene, naye anaongea na Bihogo kwa lugha yao, sauti ya chini kabisa. Iliyobaki akaipakaza kwa kiganja juu ya tanki.

"Mama Ikirezi! Unafanya nini?"

"Namupa mafuta."

"Mafuta gani hayo yote?"

Akanitazama kama mimi ndiye mwenye wazimu. "Kwetu mtoto akizaliwa anapakwa siagi ya ng'ombe. Bibi arusi anapakwa. Mtu unamuheshimu unamupa mafuta. Rugamba alikuwa anamupimia Bihogo tone tone, kama maskini. Ameachwa peke yake, mwenyewe hayupo, na mimi nimunyime mafuta?"

Nikacheka. Halafu kicheko kikanikwama. Siku zote zile nilizofungua koili na platini, mimi mtu wa Uvira, mtoto wa mjini, sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kumpaka injini siagi. Nikamweleza kwamba oili ni ya kulainisha tu, ikizidi inapanda juu ya buji, inaizamisha, cheche inakosa fasi ya kuruka. Nikamwambia, "Mama, unamunyonga huku unamubembeleza." Uso wake ukabadilika. Alikaa chini, akajifunika mdomo kwa kitambaa. Nilijuta namna nilivyolisema.

Tukamwaga ile petroli yote, nikachanganya mpya, kipimo chake. Bihogo akatulia. Moshi ukapungua, mlio ukasafika, Rugamba akasikia toka kwake na hakuja. Lakini mimi nilifungua buji Jumamosi baada ya Jumamosi, na nikaona weusi unarudi. Polepole, mkavu kidogo, lakini unarudi. Hapo ndipo nilipoelewa kile ambacho ningepaswa kukielewa toka mwanzo kama nisingekuwa na haraka ya kukasirika. Injini ya zamani ya namna hii, ukiiwasha ikasimama fasi moja, haipati moto wa kutosha. Ile oili kidogo inayopita haiungui, inaganda juu ya buji. Dakika zile za Jumamosi, miaka yote ile, hazikuwa zinamweka muzima. Rugamba alikuwa anachanganya vizuri, ndiyo maana ugonjwa ulichelewa. Bihogo alikuwa anakufa kwa kungoja.

Nilimwambia Mama Ikirezi hivyo, si kwa maneno hayo. Nilimwambia, "Anahitaji barabara. Mlima, gia, mzigo, mpaka ashike moto kabisa. Ng'ombe akifungwa kwenye kigingi tu, hata umpende namna gani, atakonda."

Hilo la ng'ombe alilielewa upesi. "Nani atamupanda?"

"Mimi."

Akainuka, akaingia ndani, akafunga mlango. Nilibaki na spana yangu mkononi nikiangalia mlango.

Wakati wa mvua, Jumamosi moja, Bihogo akakataa. Mama Ikirezi alipiga kiki mpaka kiatu kikamtoka. Nilipofika, Rugamba alikuwa amesimama kwenye ua wa michongoma, mikono nyuma, na mzee mmoja wa ukoo kando yake. Ilikuwa wazi wamekuja kusikiliza. Nikafungua buji: mwanya umeziba kabisa kwa masizi, chuma kimekuwa kama kaa.

"Naweza kuisafisha sasa hivi," nikamwambia mama mbele yao wote, "na atawaka. Kisha atazima tena, na tena, na siku moja mimi sitakuwa hapa. Ao unipe barabara leo."

Ikirezi ndiye aliyejibu. Alikuwa msichana mkubwa sasa, na baba yake alimwacha bado anabebwa mgongoni. Uso wake haukumbuki. Akasema, "Mama, mupe. Nataka kumusikia akienda."

Mama Ikirezi akapapasa tanki. Halafu akasema, "Utapita njia yake. Mpaka Mbarara, urudi mbele ya jua kuzama. Yeye hakuwahi kuchelewa." Akaingia ndani akatoka na jaketi la Nehemiya, akaninyooshea. Nikakataa. Jaketi la mtu anayengojewa silivai, sina wazimu. Akalirudisha bila kunikasirikia.

Nikasafisha buji, nikamwasha, nikaomba Mungu anisamehe, nikakaa juu ya kile kiti.

Mwanzoni alikohoa. Barabara ya vumbi, matope ya mvua, ng'ombe wa Wanyankole wamejaa njiani na pembe zao. Baada ya Kabingo akaanza kufunguka. Nilisikia hasa, oili ya miaka inaungua, moshi mzito ukatoka nyuma, kisha mwembamba, kisha hakuna. Akawa mwepesi. Akawa anaomba gia. Na mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nilianza kuona kitu nisichokipenda: kila kona, kabla sijaegama, pikipiki ilikuwa imeshaegama. Nilihisi uzito nyuma yangu, uzito wa mtu anayejua ile njia. Sikugeuka. Nilisema tu kwa sauti, "Kaka, nisamehe, nampeleka na kumrudisha."

Kwenye senta moja ndogo ya maduka, mzee mwenye kibanda cha chai alitoka nje akakimbia mpaka kando ya barabara, mkono juu, anacheka, anaita, "Nehemiya! Nehemiya we!" Nikapita karibu naye. Nikaona mkono wake unashuka. Sitausahau uso ule.

Mbarara nikavuka mto, nikapandisha kilima cha Ruharo gia ya pili, kwa makusudi, mpaka silinda ikanuka moto, nikageuza. Kurudi, Bihogo alikuwa anaimba. Miaka yangu yote ya ufundi sijapata kusikia injini ya umri ule ikienda namna ile, na nilifurahi, mnisamehe, nilifurahi kama mtoto. Nilifikiri, leo yule mama atacheka. Leo nimemwokolea mume wake.

Jua lilikuwa bado juu ya kilima nilipokata kona ya Base Camp. Hapo ndipo nilipoona watu wanatoka majumbani. Kwa miaka yote walisikia Bihogo akiguna fasi moja. Hakuna aliyekuwa amemsikia akija. Sauti ile ya mbali, inakaribia, inapunguza gia kwenye daraja, ndiyo waliyokuwa wanaisikia zamani kila jioni, na maana yake ilikuwa moja tu. Ikirezi alikuja mbio katikati ya barabara, mikono wazi, anapiga kelele, "Papa! Papa!" Yeye mwenyewe ndiye aliyeniona nikiondoka! Alifika karibu, akaniona, akasimama, mikono bado wazi.

Nikasonga polepole mpaka kwao. Mama Ikirezi alikuwa amesimama mlangoni. Alikuwa ameoga. Alikuwa amevaa mushanana, lile vazi lao la sherehe linalofungwa begani, na mikononi ameshika chombo cha mti kilichojaa maziwa, namna mke wa kwao anavyompokea mume akitoka safari. Sijui kama alijua anachofanya. Nafikiri miguu na mikono yake ilisikia ile sauti, ikaenda yenyewe. Rugamba naye alikuwa kwenye ua, anahema, ametoka mbio.

Nikazima.

Mama Ikirezi aliniangalia. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nikafungua buji kwa kitambaa, ya moto bado, nikaiinua mbele yake. Kavu. Safi. Rangi ya chai ya maziwa, ukingo wote sawasawa.

"Ni muzima?"

"Ni muzima, mama. Muzima kabisa. Hana ugonjwa wowote."

Akatikisa kichwa, anakubali, kama mtu aliyeelezwa njia na kuielewa. "Bihogo ni muzima," akasema. "Amekwenda mpaka Mbarara, amerudi, amefika mlangoni. Na Nehemiya hayuko juu yake."

Nilikuwa nimempa kile alichoniomba.

Akashuka ngazi ya mlango, akaja mpaka nilipo, akaninyooshea yale maziwa kwa mikono miwili.

"Kunywa, Modeste. Wewe ndiye umefika."

Kisha akakaa chini, udongoni, na mushanana yake, akanyoosha miguu yote miwili mbele namna wanavyokaa wafiwa. Nikanywa maziwa yote mpaka mwisho, maana sikujua kitu kingine cha kufanya, na nyuma yangu nikamsikia Rugamba ameanza kumlilia kaka yake.